Siku Bwana Wastani Alipougua

Usiku wa kuamkia leo niliota nimechelewa Siku ya Wazazi, na geti la shule limekataa kunifungulia.

"Tumsifu Yesu Kristo," likasema geti.

"Milele amina."

"Wastani wako?"

Nikaliambia mimi ni Mwalimu Haule, nafundisha Jiografia hapa hapa Sekondari ya Wasichana ya Mtakatifu Apolonia, na ninapita hapo kila siku. Geti likasema kunifahamu linanifahamu, ila siku hizi kufahamiana hakutoshi. Nikataja wastani nilioupata nilipomaliza kidato cha nne. Likafikiri kidogo, kisha likafunguka kiasi kinacholingana na wastani huo. Nikapita kwa ubavu.

Muhula mzima Sista Edeltruda, mkuu wetu wa shule, alikuwa akitutangazia kwamba mwaka huu wasichana wetu wameng'ara. Nilidhani ni maneno ya kwenye mabango. Sasa nawaona wamepangwa mstari mbele ya kikanisa cha shule, na wanang'ara kweli. Huwezi kuwatazama. Wazazi wamekaa chini ya turubai wakiwa wamevaa miwani ya mafundi wa kuchomelea vyuma, na kumbikumbi wanawarukia wale wasichana kutoka kila upande.

Nikaketi karibu na mama mmoja aliyeshika shada la maua ya plastiki.

"Wangu ni yule wa katikati," akaniambia bila kuulizwa. "Devota. Hazimi hata umeme ukikatika."

"Hongera sana, mama."

"Ahsante. Tatizo ni kwamba halali. Na wenzake bwenini hawalali."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Hatujui. Tangu matokeo yatoke hatujaweza kumwona uso."

Akavua miwani, akapangusa machozi, akaivaa tena haraka. Nikamwambia tena hongera.

Nyuma ya turubai nikasikia watu wanahema. Nikaenda kuangalia, nikakuta wasichana wa Kidato cha Tatu wanainua jina la shule. Jina lenyewe limetengenezwa kwa zege, herufi moja moja, na ni refu, kwa sababu waanzilishi hawakutaka kuacha kitu: Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Mtakatifu Apolonia, Bikira na Shahidi. Chini ya neno "Shahidi", ambalo ndilo lilikuwa zito kuliko yote, alikuwapo Kandida Nditi.

Kandida ni msichana ambaye hesabu humkimbia, na yeye haifukuzi. Lakini bweni lake ndilo pekee ambalo matroni halilalamikii. Wawili wakigombea ndoo bombani, Kandida huwa ameshawapatanisha kabla ndoo haijajaa. Muhula huu jina lake lilikuwa halikauki midomoni mwetu ofisini, kwa sababu leo asubuhi walimu tulikuwa na kikao cha kuamua nani apande kidato cha nne na nani atafute shule nyingine, wasije wakatuchafulia matokeo ya taifa. Kikao hicho sisi tunakiita mchujo.

"Shikamoo, Madamu," akasema Kandida toka chini ya zege.

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Tunainua jina la shule, Madamu."

"Linakwenda wapi?"

"Juu."

"Juu mpaka wapi?"

"Hatujaambiwa. Tukifika nadhani watatuambia." Akageuka akawaambia wenzake, "Jamani, Anjela amechoka, tumwache apumzike. Mimi nashika na ya kwake."

Wakabadilishana. Jina likayumba kidogo, likatulia.

Spika zikakoroma. Mgeni rasmi amefika. Ni Kombe, lile tulilolichukua mkoani kwenye mashindano ya midahalo. Limeletwa kwa gari lenye kiyoyozi, na kwaya inaliimbia wimbo wa kulipokea. Sista Edeltruda analipisha mbele kwa heshima zote. "Karibu sana, Mheshimiwa," anasema. Kombe linapanda jukwaani, mikono yake miwili kiunoni.

"Wapendwa wazazi," linasema, na kila neno linajirudia tumboni mwake. "Mimi ndani sina kitu. Kitu-kitu-kitu. Lakini nimesuguliwa. Guliwa-guliwa."

Wazazi wakapiga makofi. Baba mmoja akasimama kupiga picha nalo, akasahau kupiga na mtoto wake.

Hapo Sista akanishika mkono. Sista Edeltruda ni mrefu, mkali, na sijawahi kumwona akikimbia. Sasa anakimbia.

"Mwalimu Haule, njoo upesi. Bwana Wastani amezidiwa."

Tukafungua mlango wa kikanisa, na ndani yake kulikuwa na chumba cha wagonjwa. Kitanda kimoja tu. Juu yake amelala mtu mdogo aliyevaa suti, amefunikwa mablanketi ya mabweni yote. Usoni ana nukta kama chunjua, na baada ya nukta hiyo uso unaendelea kwa tarakimu mbili. Matroni anamlisha uji wa karanga kwa kijiko. Huyo ndiye Bwana Wastani wa Shule. Nilishamsikia akitajwa kila kikao lakini tulikuwa hatujaonana.

"Pole, bwana," nikasema. "Unaumwa nini?"

"Kandida," akajibu.

"Kandida siyo ugonjwa."

"Wewe hujaupata. Kila akifanya mtihani wa hesabu mimi napata kichomi hapa." Akajishika ubavuni. "Akifanya kemia naharisha. Sista, kuna shule jirani ambako Wastani mwenzangu anacheza mpira. Anacheza mpira, Sista! Mimi siwezi hata kukaa."

Sista akapiga ishara ya msalaba. "Tufanye nini, bwana?"

"Nichujieni."

Ukuta wa chumba ukawa ukuta wa jiko. Majiko yetu ya kuni yanawaka, na juu ya sufuria kubwa ya chai ya asubuhi kuna chujio. Ni lile lile la kawaida, la waya, lenye mpini wa plastiki nyekundu, ila sasa lina upana wa uwanja wa netiboli. Sista akanipa mpini.

"Shika sawasawa," akasema. "Usitikise sana. Ni watoto wa watu."

Kidato cha Tatu wakamiminwa. Waliong'ara wakapita kwenye matundu bila kugusa waya, kama mwanga upitavyo dirishani. Juu wakabaki Kandida, Anjela, na wengine wengi kuliko nilivyotegemea, wamejikunyata na visanduku vyao vya bati.

"Madamu," akaita Kandida, "tukae hapa hapa au tusogee?"

"Subirini," nikasema.

"Kung'uta nje," akasema Bwana Wastani, ambaye sasa amekaa kitandani.

Nyuma ya jiko kuna rundo la majani ya chai, yale yaliyokwisha kutumika. Mkono wangu ukaligeuza chujio, ukalipiga mara mbili kwenye ukingo wa ndoo. Mimi wakati huo nilikuwa natazama pembeni. Nikasikia visanduku vikidondoka, na Kandida akisema, "Taratibu, jamani, mpokeeni huyo na mguu wake."

Papo hapo nje kukatokea kishindo. Mlinzi akaja mbio.

"Sista, jina la shule limeanguka!"

"Limeumia?"

"Limebaki 'Shule ya'."

"Litainuliwa," akasema Sista, lakini alitazama huku na huku kama anayetafuta nani wa kuliinua. Waliobaki walikuwa wanang'ara, na wanaong'ara hawakuwahi kufundishwa kubeba.

Bwana Wastani akashuka kitandani, akanyoosha mikono. Amenenepa. Suti imembana.

"Najisikia vizuri," akasema. "Ila sasa nimepanda, na nusu ya hawa waliobaki wako chini yangu."

Sista akapiga hesabu kwa vidole. Ilikuwa kweli.

Tukachuja tena. Nikakung'uta tena. Bwana Wastani akapanda tena, na tena nusu wakawa chini yake. Kila nilipokung'uta, jikoni palizidi kuwa kimya na nyuma ya jiko palizidi kuwa na kelele. Kwaya ilikuwa ikiimba, ikapungua sauti ya nne, ikafuata ya tatu, ikabaki ya kwanza peke yake ikiuliza swali ambalo hakuna wa kuliitikia.

Mwisho akabaki Devota. Amesimama katikati ya jiko, anang'ara hadi masizi ya ukutani yanaonekana kama yamepakwa chokaa. Bwana Wastani sasa kichwa chake kinagusa paa.

"Mia kwa mia!" akanguruma. "Tangazeni!"

Sista akashika spika kutangaza. Devota akanyoosha kidole, kama wanavyofanya darasani.

"Sista, naomba kuuliza. Mimi ni wa ngapi?"

"Wa kwanza, mwanangu."

"Na wa mwisho ni nani?"

Spika ikakoroma.

"Swali zuri," akasema Bwana Wastani. "Wa mwisho huwa anachujwa."

Devota hakulia. Alipiga mwayo mrefu, na mwayo ule ukamzima. Kwa mara ya kwanza nikaona uso wake: uso wa msichana mwembamba mwenye usingizi, aliyeacha kusuka nywele kwa sababu ya mitihani. Akapanda kwenye chujio mwenyewe, akaenda hadi ukingoni, akaruka.

"Devota!" akaita Kandida toka nyuma ya jiko. "Njoo huku, tumekuwekea nafasi ya kulala."

Mimi nikasema sasa imetosha. Nilisema kwa sauti, nakumbuka. Lakini Bwana Wastani alikuwa anatafuta wa kuchuja kama mtu anayetafuta nyama kwenye sufuria iliyoisha. Akachungulia dirishani, akaona sanamu ya msimamizi wetu, Mtakatifu Apolonia, na koleo lake mkononi.

"Yule alipata daraja gani?"

"Yule ni msimamizi wa shule," akasema Sista.

"Nimeuliza daraja."

Sanamu ikageuza shingo taratibu. "Sikumbuki kufanya mtihani," ikasema. "Walining'oa meno tu."

"Achujwe."

Sanamu haikubisha. Ikashuka kwenye nguzo yake, ikajipangusa vumbi, ikapita jikoni ikitusalimu, ikaenda yenyewe nyuma ya jiko walikokuwa watoto. Tukasikia makofi kule.

Bwana Wastani akamgeukia mkuu wa shule. "Wewe?"

"Mimi?" akasema Sista Edeltruda.

"Jikoni pamebaki watu wawili. Mmoja ameshika mpini."

Nikamwambia, "Sista, tukimbie." Lakini Sista ni mtu wa utaratibu. Sheria aliipitisha mwenyewe. Akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya jiko, akapanda kwenye chujio. Akajaribu kupita kwenye tundu moja, halikumtosha. Akajaribu la pili. Akalala kifudifudi na kusukuma kwa uso, shavu limebanwa kwenye waya, shela imekwenda upande.

"Mwalimu Haule," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Sipiti."

"Naona, Sista."

"Sikujua kwamba waya wake ni wa baridi hivi."

Mara mikono ikatokea ukingoni mwa chujio, mingi, yenye majani ya chai hadi kwenye viwiko. Kandida akachungulia.

"Sista, usiogope. Huku watu ni wengi."

Sista akamgeuzia uso. "Mnaishije huko, Kandida?"

"Vizuri tu, Sista. Tumeshapanga zamu za usafi. Devota anatufundisha hesabu, akisinzia tunamwacha. Ila hatuna mtu wa kutusalisha jioni. Mtakatifu Apolonia tumemwomba, amesema yeye huwa anasaliwa tu, kusalisha hajazoea."

Sista Edeltruda akacheka. Ni kicheko cha kukohoa, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

"Mwalimu," akasema, "ligeuze."

"Una hakika, Sista?"

"Geuza, nimesema!"

Safari hii sikutazama pembeni. Nililigeuza chujio polepole, na wale wasichana wakampokea mikononi mwao, mkuu wa shule mzima na urefu wake, bila kumwangusha. Nyuma yangu Bwana Wastani akapiga kelele, "Mwalimu! Na wewe je? Wewe ni wa ngapi?" Nikageuka kumtazama. Hakuwa na kitu tena cha kugawanya wala cha kugawanyia. Alikuwa anapungua kama puto, tarakimu zikimdondoka moja moja sakafuni, na nukta ilikuwa ya mwisho.

Kengele ya Misa ikanigutusha.

Nilioga, nikasali, nikala mhogo wangu, na kwenye kikao nikakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Nilikuwa nimejipanga kumtetea Kandida. Hotuba nilikuwa nayo kichwani yote, kwa sababu Sista Edeltruda si mtu wa kutetewa watu mbele yake.

Akaingia akiwa amechelewa, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Akatusalimu, tukaitikia. Akasoma ajenda ya kwanza, ukarabati wa bomba. Akasoma ya pili, Siku ya Wazazi. Alipofika ya tatu akaweka kalamu chini.

"Hili la mchujo," akasema, "tuliache. Watapanda wote. Anayeshindwa hesabu atafutiwe wa kumfundisha hapa hapa ndani."

Mwalimu wa taaluma akauliza, "Na wastani, Sista?"

"Utajijua wenyewe."

Mimi hotuba yangu ikabaki kifuani haina kazi. Sista akainama kufunua ukurasa wa ajenda ya nne, na jua la dirishani likampiga upande mmoja wa uso. Shavuni, kutoka chini ya jicho hadi karibu na kidevu, palikuwa na alama ndogo ndogo za miraba, nyekundu, zilizopangika vizuri, kama za mtu aliyelalia waya.

Akaniona nikizitazama. Akaivuta shela mbele, akafunika.