Mkia wa Ndege ya Nzuki

Mbinya alikuwa mke mwema, na mke mwema hamwambii mumewe kwamba ni mwongo. Tangu waoane, pale pale Makongeni mjini Thika, alimwachia Nzuki asimulie hadithi yake ya ndege isiyo na mkia, naye akaitikia "eee" palipotakiwa kuitikiwa, huku kichwani anawaza kama vitunguu vitafika Jumamosi.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kabla hajawa fundi wa kuchomelea vyuma katika Eneo la Viwanda, Nzuki alipelekwa ujanani kusomea ufundi katika mji wa Voronezh, enzi za Urusi ya Kisovieti. Mlinzi wa bweni lao alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi ya kuunda ndege. Basi mzee huyo akamwonyesha picha ya ndege ya mabomu iliyoitwa K-12, ya majaribio, pana mabawa, haina mkia hata wa kusingizia. Tena ilipopelekwa kwenye maonyesho ilipakwa rangi nyekundu na njano, unyoya kwa unyoya, mwili mzima. Iliundwa moja tu, ikaruka, kisha ikasahaulika. Nzuki hakurudi na picha. Alirudi na koti zito na hadithi.

Bomu linabebwa na kuku! Makongeni walicheka mpaka wakamwita Baba Kuku. Mbinya aliwahi kumwagia mwanamke mmoja maji ya samaki sokoni kwa sababu ya jina hilo, lakini msidhani aliamini. Kumtetea mume ni kazi ya kila siku, na kazi hiyo aliiweza. Kumwamini ni karama, na karama hiyo hakujaliwa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, alijiambia, akanyamaza.

Angenyamaza hadi kaburini kama binti yao Nduku asingechumbiwa na Muriithi, kijana wa Ruiru. Wazazi wa Muriithi walipokuja Thika kubisha hodi, chai haijapoa Nzuki alikuwa ameshafika Voronezh. Mzee Gichuru, baba yake Muriithi, alisikiliza akitikisa kichwa. Gichuru alipika chai uwanja wa ndege wa Wilson mpaka akastaafu, kwa hivyo kwao Ruiru hakuna aliyethubutu kubishana naye juu ya kitu chochote kirukacho, mbu wakiwemo.

"Muthoni wangu," akamwita Nzuki, yaani mkwe wake kwa Kikikuyu, "mimi ndege nimeziona zikiamka asubuhi na zikienda kulala. Kitu haina mkia haiwezi ruka. Ata kuku ukiikata mkia inatembea kama mlevi."

Nduku akatoa simu amwokoe babake. "Ona, mzee, iko hapa online. Hii ndio hiyo K-12, na manyoya zake."

"Weee! Simu siku hizi inakuonyesha ng'ombe ikiendesha lori. Hiyo si ushahidi."

Mbinya, moyoni, alikubaliana naye.

"Basi nitaitengeneza," Nzuki akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Ndogo, lakini kila kitu mahali pake. Siku tukija kuona boma lenu, nitairusha mbele ya watu."

"Ilete. Ikiruka, mimi siku hiyo nakula mkia ya mbuzi peke yake. Ikianguka, mkia ni yako, mbele ya wazee wote."

Wakapeana mikono. Watu walicheka, lakini Mbinya hakucheka. Mtu kwenda kwa wakwe mara ya kwanza, mbuzi mzima amechinjwa kwa heshima yake, halafu awekewe sahani ya mkia! Jina la Baba Kuku lingekuwa limevuka kutoka Makongeni hadi Ruiru, na Nduku angeolewa nalo.

Nzuki akaanza kazi kibarazani. Alichukua povu jeupe lililokuja na friji, akalichonga kwa wembe. Injini mbili akazitengeneza kwa vifuniko vya dawa ya kikohozi. Ncha za mabawa akaziwekea vibao vidogo vilivyosimama wima, akasema hivyo ndivyo vilivyofanya kazi ya mkia. Manyoya akayapaka kwa rangi ya kucha ya Nduku, moja moja, ulimi nje. Puani akachomeka nati ya chuma, kisha akaiinua ndege nzima kwa vidole viwili chini ya mabawa na kuitazama ikitulia pale, haielemei mbele wala nyuma.

"Mama Nduku, njoo uone!"

"Naona, naona," Mbinya akajibu kutoka jikoni, bila kutoka.

Alipokuja kuiona, siku yenyewe ya safari ya Ruiru, Nzuki alikuwa kwa kinyozi. Ikamtia huruma. Kuku mzuri kabisa, aliyekatwa nyuma na mtu mwenye chuki. Mbinya akakaa kitako. Hivi, akawaza, mimi nitaketi vipi pale nikimwona mume wangu akitafuna mkia? Mabaki ya povu yalikuwapo. Gundi ilikuwapo. Rangi ya kucha ilibaki kidogo. Alikata mkia wa kupendeza, mpana, umesimama, akaupaka manyoya yaliyofanana na ya mumewe, akaubandika nyuma. Sasa kilikuwa kitu kinachoruka! Akakizungushia leso na kukifunga fundo.

"Usiifungue njiani," alimwambia Nzuki aliporudi. "Itashika vumbi."

Nzuki akamshika bega, akashukuru. Shukrani hiyo ilimkwaruza Mbinya njia yote ya Ruiru.

Boma la Gichuru lilikuwa na nyumba ya ghorofa moja na watu wa kutosha kujaza mbili. Muriithi, aproni kiunoni, alikuwa akigeuza nyama kando ya hema la wageni. Nzuki alipanda kwenye roshani, Gichuru na Mbinya nyuma yake, akaiweka ndege juu ya ukuta na kufungua leso.

Mkia ukasimama pale, mwekundu, wa kujivunia.

"Naona mkia," Gichuru akasema taratibu. Huko chini mtu akaanza kucheka.

Nzuki aliutazama ule mkia. Kisha akageuza kichwa, akamtazama mkewe, na Mbinya akajua kwamba ameelewa yote. Si habari ya gundi tu. Alielewa zile "eee" zote, tangu ya kwanza. Mbinya alitamani sakafu ipasuke. Akangoja atajwe mbele ya wakwe.

Nzuki akakohoa. "Athoni wetu," akawatangazia wakwe walio chini, "mkia huu ni wa Mzee Gichuru. Yeye ndiye alisema ndege haiwezi ruka bila mkia. Kwa heshima ya mwenye boma, tunaanza na yake."

Akairusha. Ndege ikainua pua, ikasitasita, ikakalia mkia wake hewani na kuanguka kando ya sufuria ya supu. Kicheko kikatikisa hema. Mtoto mmoja akaipandisha juu mbio, haikuvunjika kitu.

"Sasa," Nzuki akasema, "tuone yangu."

Akaung'oa ule mkia kwa mkono mmoja, akamkabidhi Mbinya bila kumtazama, akarusha tena.

Ndege ikainama. Mbinya akafumba macho, kisha akafumbua moja. Ilikuwa imenyooka. Ilipita juu ya moshi wa nyama, juu ya hema, ikakata kona pole pole, manyoya yake yakiwaka juani, ikavuka ua. Kuku wa jirani wakakimbilia uvunguni mwa lori wakipiga kelele kana kwamba wamemwona mwewe. Ikatua katikati ya sukuma wiki.

"Ngai! Mkamba ni mjanja!" Gichuru akapiga kelele, akamkumbatia Nzuki. "Umenishika na mkia yangu mwenyewe!" Na kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake, akaagiza sahani ya mkia.

Mezani, katikati ya vifijo, Mbinya alimwinamia mumewe. "Ulikuwa umeijaribu kabla?"

"Sikuijaribu."

"Na ungejuaje itaruka?"

"Yule mzee aliniambia iliruka." Nzuki alichovya nyama kwenye chumvi. "Nilikuwa nangoja useme twende nyuma ya nyumba tuijaribu sisi wawili. Nikakuita. Ukaniambia unaona."

 Mbinya alinyoosha mkono, akavuta sahani iliyokuwa mbele ya Gichuru.

"Mzee, lete hapa. Huo ni wangu."

"Aii, mama, dau ni yangu!"

"Wewe kula mbavu."

Mkia wa mbuzi ni mfupa na ngozi na ubishi mtupu. Mbinya aliutafuna wote, polepole, wakwe wakimshangaa, Nduku akimkanyaga mguu chini ya meza. Nzuki alimtazama mpaka mfupa ukawa mweupe, na kona ya mdomo wake ikaanza kumsaliti.

"Haya," Mbinya akasema, akipangusa vidole. "Huyo mzee wa bweni. Nieleze."

"Si umeshasikia mara mia?"

"Sijaisikia hata mara moja," akasema, akasogeza kiti chake karibu. "Anza mwanzo."