Sikio la Zege la Amos Blenkin

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Bora ukisikie kisa hiki kwangu, maana kijijini kwetu wanakisimulia vibaya zaidi.

Nilikuwa nachora ubao wa ukumbi wa kijiji: majina ya watu tisa waliolinda pwani yetu katika vita vya kwanza. Manane nilishayaandika. La tisa, Amos Blenkin, kamati iliniachia niamue mwenyewe kama liandikwe, kwa kuwa kila mtu anajua Blenkin alilala zamuni. Puto la kivita la Wajerumani, lile kubwa lenye injini, likampita juu kwa juu, likaangusha bomu kwenye zizi la mkulima Marfleet na kuua farasi wawili. Miaka hamsini na saba imepita, na bado mtu akisinzia kanisani anafinywa na kuambiwa, "Blenkin, amka."

Binti yake Amos ni Shangazi Thirza, yaani shangazi wa mke wangu. Aliposikia nasitasita na brashi, akanikokota hadi kwenye sikio.

Sikio ni ukuta wa zege, kimo cha watu watatu, umebonyezwa katikati kama bakuli na unatazama bahari. Sauti za mbali hukusanyika hapo mbele, ndipo Amos alipokaa kusikiliza injini. Siku hizi ng'ombe wanajikunia mgongo.

Shangazi akaketi alipokuwa akiketi baba yake. "Nenda ufukweni, useme lolote."

Nikaenda hatua mia, nikawaambia samaki kwamba bibi huyu ni mkaidi kuliko wale punda wa kupandisha watoto ufukweni. Nikarudi natabasamu.

"Punda yupi, Clifford?"

"Basi hapo ndipo pabaya zaidi, Shangazi. Sikio linasikia hivi, na mzee halikumwamsha."

"Baba hakulala."

"Haya, tega tena. Narudi kulekule."

Sikurudi. Nilinyata nikazunguka nyuma ya ukuta, nikaingia ndani kabisa ya shamba la njegere. Nilitaka adai amesikia kitu baharini, nimcheke mpaka Krismasi. Nikanguruma kama injini, nikaimba wimbo wa kanisa beti zote nne, sungura wakahama.

"Umesikia nini?" nikamuuliza niliporudi.

"Mawimbi."

"Nimeimba beti nne, Shangazi. Kumbe kwenu usingizi mnarithishana."

Hakukasirika. Akakaza kitambaa chake kidevuni. "Umeimbia wapi?"

"Huko nyuma, kwenye njegere."

"Na lile puto lilimjia baba likitokea wapi?"

Nikajibu upesi, kama mwanafunzi anayeujua mtihani: "Hull, huko bara. Lilishaupiga mji, lilikuwa linarudi kwao."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Lakini mdomo wangu haujui kunyamaza. "Hata hivyo, Shangazi, watu wote wanasema..."

"Watu wote hawajaimba huko nyuma, umeimba wewe. Sasa niambie, Clifford: mimi nilikuwa nimelala?"