Yaliyokuja na Godoro

Haya nimesimuliwa na wifi yangu, mfagiaji wa wodi ya upasuaji, Jumapili iliyopita tukianua nguo. Wifi hana tabia ya kutia chumvi.

Fundi cherehani alifika hospitali saa mbili asubuhi, akatwe titi la kushoto lenye saratani. Akakuta maumivu yake yameshafika, yamekaa kwenye benchi, yamevaa kandambili. Kila mgonjwa alikuwa na yake. Mengi yalibeba kimfuko tu. Hayo huaga baada ya wiki mbili tatu, kidonda kikifunga. Ya fundi yalikuja na godoro.

"Shoga, hayo yanahamia," wifi akamwambia, akipitisha dekio chini ya benchi. "Inua miguu."

Daktari mkuu alikuwa na fomu ya maswali arobaini na mawili ya kujua nani atabaki na maumivu baada ya kupona. Miaka sita anaitengeneza, bwana mkubwa, na kila mwezi inakosea. Wifi alitazama mizigo tu, hakukosea hata mara moja. Basi daktari akaiweka fomu kando, akamsimamisha wifi mlangoni awe anasema "mfuko" au "godoro", na karani akachongesha muhuri: IMETABIRIWA. Wifi akapewa dekio jipya. Cheti cha pongezi akachukua daktari.

Fundi akauliza, "Sasa kama mmeshayaona, si myazuie hapa hapa? Mkono huu ndio unaoongoza kitambaa. Ndio unaotulisha."

"Mama, hii ni idara ya kutabiri," daktari akasema.

"Na ya kuzuia iko wapi?"

Daktari akamtazama karani. Karani akautazama muhuri, akaugonga kwenye faili ya fundi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Saratani ikatoka, kidonda kikafunga. Maumivu yakamfuata fundi nyumbani, yakatandika kwapani, yakajinyoosha kama mwenye nyumba. Mwezi wa tano baada ya upasuaji alikuwa hawezi kuufikisha mkono kwenye meza ya cherehani. Akarudi hospitali.

Daktari akafungua faili, uso ukamng'aa.

"Yanauma vipi?"

"Yanachoma kwapani mpaka kiwiko. Kama moto."

"Kama moto!" Akawaita wanafunzi wake. "Mnaona? Imetabiriwa."

Wanafunzi wakapiga makofi, kwa adabu. Maumivu yakapewa kiti. Fundi alisimama.

"Na dawa?"

"Dawa ni ya tatizo jipya, mama. Hili tulikuwa tunalijua."

Faili ikafungwa.

Saa nane mchana alipofika nyumbani, binti yake alikuwa kwenye cherehani, ameshona mkono wa shati la shule kwenye shingo.

"Mama, wamesemaje?"

"Wamesema hawakukosea."

"Ndiyo hayo tu?"

"Walifurahi sana."

Binti akatamka neno ambalo halifai kuandikwa. Fundi akamwambia afumue ule mkono taratibu, asije akachana kitambaa cha watu. Kisha akajilaza ubavu wa kulia, akayaachia maumivu nafasi yao, akapitiwa na usingizi kabla uzi haujamalizika kufumuliwa.