Mkuu wa Wilaya Alikuwa Wapi Jumamosi?

Pale gazetini walimwita Kachero, na jina lenyewe alilipenda. Kazi yake ilikuwa kupekua kurasa za viongozi mtandaoni: walichoandika, picha walizoweka, nani kasimama nyuma yao. Hakuiba neno la siri la mtu. "Wanajianika wenyewe," alizoea kusema. "Mimi naangalia tu kilichoko kwenye kamba."

Jumapili baada ya mafuriko alimpigia simu shangazi yake, ambaye nyumba yake iliingia maji na sasa alikuwa akilala darasani na majirani.

"Shikamoo shangazi. Mahema mmeshapata?"

"Marahaba mwanangu. Mahema yapo, yamefungiwa ghalani. Mtunza ghala hafungui bila saini ya mkuu wa wilaya."

"Si alikuja jana? Ameweka picha yuko nanyi darajani."

Shangazi alicheka hadi akakohoa. "Nasi akina nani? Labda alikuja usingizini!"

Kachero akaifungua ile picha. Mkuu wa wilaya alikuwa katikati ya daraja, mabuti ya mpira miguuni, amemshika bega mzee mmoja. Chini yake aliandika: "Leo niko na wananchi wangu. Siondoki mpaka kila familia ipate pa kulala." Watu walikuwa wamemmwagia sifa kama mvua.

Akaikuza. Kingo za chuma za daraja zilisimama imara pande zote mbili. Lakini kwenye video ambazo wakazi walizirusha tangu Ijumaa, upande mmoja ulikuwa mtupu. Mto ulishazisomba kingo zake. Akaitafuta picha ile ile mtandaoni, akaikuta kwenye ukurasa wa shirika la misaada, imewekwa mwaka uliopita. Mkuu alikuwa ameikata pembeni tu, kuliondoa bango la shirika.

Mhariri aliinama begani kwake. "Safi. Ila atasema msaidizi wake alichanganya picha. Mwenyewe alikuwa wapi?" Kisha akatoa simu yake, uso umemchangamka. "Hebu ona! Binti yake kaweka picha jana. Baba na mwana hotelini, wanakula raha. Tumemnasa!"

"Hiyo hapana, bosi."

"Iko wazi kwa kila mtu."

"Ni mtoto wa shule. Hana cheo, wala hakumdanganya mtu. Tukiitoa, kesho watakaomtafuna ni wanafunzi wenzake, baba yake atakaa pembeni. Nipe mpaka alasiri. Mtu anayependa sifa namna ile hamalizi Jumamosi nzima bila mtu wa kumsifu."

Mhariri alinung'unika, akaenda zake.

Kachero akaurudia ukurasa wa mkuu mwenyewe, akishuka mwezi baada ya mwezi. Hotuba, mazishi, hotuba, gofu. Gofu tena. Akahamia kurasa za klabu za gofu, na katika klabu ya mji wa mbali akasimama. Washindi wa Jumamosi! Mkuu wa wilaya, kofia nyeupe, kikombe juu, meno yote nje, na nyuma yake bango lenye tarehe. Kachero alijipigia makofi peke yake. Akahifadhi nakala za kurasa zote, kisha akapiga simu.

"Mheshimiwa, hongera kwa kikombe."

"Ahsante sana! Aisee, ushindani ulikuwa mkali, lakini..." Sauti ikakatika. "Nani mwenzangu?"

Akajitambulisha, na gazeti lake.

"Jumamosi nilikuwa darajani," mkuu alisema, furaha imemwisha.

"Daraja lipi, mheshimiwa? La kwenye picha yako lina kingo pande zote. La kule halina."

"Kumbe unanipeleleza!"

"Nasoma ukurasa wako kama wafuasi wako wengine. Watu wanalala sakafuni wakisubiri saini yako. Una lolote nikuandikie?"

"Andika sina la kusema."

"Nimeandika."

Mara picha ya darajani ikatoweka kwenye ukurasa wake. Haikumsaidia. Jioni habari ilitoka, madaraja mawili yamewekwa bega kwa bega na kikombe chini yake. Picha ya binti haikuwamo, na mhariri hakuiulizia tena. Alikuwa akizunguka ofisini kama bwana harusi.

Asubuhi mkuu wa mkoa alifika ghalani mwenyewe na kuamuru makufuli yafunguliwe. Mkuu wa wilaya aliitwa kujieleza, na kabla ya wiki kwisha kiti chake kilikuwa na mtu mwingine.

Shangazi alipiga simu. "Mwanangu, hema tumepata, zuri kabisa. Tatizo jirani wa hema la pili anakoroma kama mashine ya kusaga. Huyo naye huwezi kumshughulikia?"

"Ana ukurasa mtandaoni?"

"Hata simu hana."

"Basi huyo, shangazi, ameniweza."