Dola Chini ya Mtutu

Ukutani mwa kambi ya kuwindia ya ukoo wa Zerbe, juu ya jiko la kuni, ilining'inia mikia ya mashati. Ndiyo desturi ya milima ile ya Pennsylvania tangu enzi za babu zao: ukimfyatulia kulungu risasi ukamkosa, jioni unasimamishwa mbele ya wenzio, mkia wa shati lako, ile ncha ya nyuma, unakatwa kwa mkasi, unaandikwa jina na mwaka, unapigiliwa msumari. Hakuna cha rufaa wala cha samahani. Hata mchungaji alikatwa lake, tena lile la Jumapili.

Mikia ya misimu mitatu ya karibuni ilikuwa yote ya mtu mmoja, Verna. Na kambi ilikuwa na sheria nyingine mbaya zaidi, iliyotungwa na baba yake mwenyewe, Mungu amrehemu pamoja na ukaidi wake. Atakayekatwa shati msimu wa nne mfululizo anaachia dungu lake, lile jukwaa la kuvizia kulungu, anafungwa aproni, anakuwa mpishi wa kambi. Sasa dungu la Verna halikuwa dungu la hivi hivi. Alilijenga na baba yake akiwa msichana, pale juu ya Bonde la Misonobari, na mpaka leo alama za nyundo yake ya kitoto zilikuwa bado ziko kwenye mbao. Kulitoa dungu lile kungemuuma kuliko kung'olewa jino. Halafu kupika kwenyewe hakujui. Nyumbani aliyekuwa akipika ni mumewe, Merle.

"Dada, ni macho hayo," alisema Lamar, mdogo wake, ambaye ndiye mshika mkasi wa kambi na aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. "Uzee umeingia. Aproni nimeshakuchagulia, ina maua."

"Macho yangu yanakiona kitambi chako toka ng'ambo ya bonde," Verna alimjibu. "Na hakina dalili ya kupungua."

Wakacheka wote, lakini Verna alirudi nyumbani akiwaza. Maana jambo lenyewe lilikuwa halieleweki. Kila Agosti akienda kwenye uwanja wa shabaha, bunduki yake ilitoboa matundu ambayo ungeyafunika kwa kifuniko cha chupa ya maziwa. Likija juma la kuwinda kulungu, mwisho wa Novemba, risasi ileile inakwenda zake kushoto kana kwamba ina miadi huko.

Mwaka huo Oktoba ikanyesha mvua juma zima. Verna akapata wazo. Akaenda uwanjani na mvua yake, akaegemea meza ya kulengea, akafyatua. Kushoto. Akafyatua tena. Kushoto, na juu kidogo. Meza ileile, risasi zilezile, macho yaleyale ya Agosti. Akaruka kama mtoto aliyesikia shule imefungwa.

"Si macho!" alipiga kelele alipofika mlangoni. "Merle! Si macho yangu! Ni unyevu! Nipe dola!"

"Ya nini?"

"We nipe tu, mzee, utarudishiwa."

Wakashuka chumba cha chini ya nyumba, kwenye meza ya vyombo vya kazi. Verna alichomoa komeo la bunduki, akachungulia ndani kuhakikisha hakuna risasi, akachungulia tena, maana baba yake alimfunza hivyo kwa makofi. Kisha akaipitisha ile noti ya dola kati ya mtutu na ubao unaoubeba. Kipimo cha watu wa kule ni hicho: noti ikiteleza mpaka mwisho, mtutu uko huru. Noti iliteleza kidogo tu, ikanasa.

Akashika bisibisi, akafungua skrubu, akautenga ubao na chuma. Nje ubao ulimeremeta ungeweza kujitazamia sura. Ndani, kwenye mfereji unaolala mtutu, ulikuwa mkavu mweupe, haujaonja tone la vanishi. Kumbe kila msimu wa mvua na theluji mbao zilikunywa maji, zikavimba, zikausukuma mtutu pembeni.

"Salaale," alisema Merle. "Nani fundi wa kazi hii?"

Verna alimjua. Fundi alikuwa Lamar. Majira ya baridi yale baba yao alipofariki, Lamar aliichukua bunduki ya marehemu, akaipiga msasa na kuipaka mafuta na vanishi miezi mizima, kila jioni baada ya kazi. Angeweza kabisa kuibakiza iwe yake. Krismasi iliyofuata akampa dada yake, imefungwa utepe mwekundu, na machozi yakamshuka mbele ya watu wote, yeye Lamar ambaye hata mazikoni hakulia.

"Usimwambie," Verna alisema. "Itamvunja moyo."

"Afadhali moyo wake uvunjike kuliko wewe uvae aproni. Mimi nimeshawahi kula chakula chako."

"Merle!"

"Haya, nimenyamaza. Msasa uko wapi?"

Basi wakaanza. Verna alizungushia msasa kwenye fimbo ya mviringo, akapanua mfereji taratibu, huku redio ikiimba na Merle akiimba vibaya zaidi. Wakaupaka vanishi mara kadhaa hadi ndani pakang'aa kama nje. Ikabaki kazi yenyewe ya ufundi: kumimina gundi nzito ya kuchanganya chini ya mwili wa bunduki, ili chuma kikae kwenye kitanda chake kisitikisike. Ili gundi isikamate chuma, unakipaka dawa ya viatu kila mahali. Verna akapaka. Akafika kwenye kile kijino cha chini kinachozuia chuma kisirudi nyuma, na hapohapo Merle akaita toka juu kwamba pai ya kuku imeiva.

Jamani, pai ya kuku ya Merle! Verna aliweka kitambaa chini, akala, akaongeza, akarudi ameshiba na furaha, akamimina gundi. Kijino hakikuwa kimeguswa na dawa.

Kesho yake bunduki haikutengana. Wakavuta. Wakasukuma. Wakaigonga kwa nyundo ya mpira. Wapi! Chuma na ubao vilikuwa vimefunga ndoa. Verna akakaa kwenye ngazi, akashika tama. Msimu ulikuwa unabisha hodi, na bunduki ya baba yake ilikuwa imegeuka gongo.

"Nimeiua, Merle. Nimeiua kwa mikono yangu, kwa ajili ya pai."

"Pai usiisingizie," Merle alisema. Akajikuna kidevu. "Chuma kikipigwa na baridi si kinanywea? Tuitie kwenye friza."

Wakailaza kwenye lile friza kubwa la kifuniko, kati ya nyama ya mwaka juzi na pai za tufaha za sikukuu. Na kwa kuwa balaa haliji peke yake, nani akatokea asubuhi kuazima barafu? Lamar. Kabla hawajamzuia, alishafunua.

Akainama kuchungulia. "Dada," akasema, "huyu kulungu wenu mwembamba."

"Ni mambo ya kutu," Merle alidakia.

"Kutu?"

"Baridi inaua kutu. We hujui?"

Lamar alirudi kwa gari huku akicheka peke yake, na kufikia mchana bonde zima lilikuwa na habari kwamba Verna anagandisha bunduki ili ilenge vizuri. Lakini alipoondoka tu, waliitoa, Verna akagonga mara moja kwa nyundo ya mpira, ikasema *ka!* na ikaachana vipande viwili, safi, bila ufa. Mke na mume wakacheza pale chini mpaka vikopo vya misumari vikaanguka.

Asubuhi ya kwanza ya msimu ilianguka theluji ya majimaji, ile inayopenya mpaka kwenye soksi. Hali ya hewa mbaya kuliko zote kwa ubao wa bunduki. Verna alikaa kwenye dungu lake, kiganja juu ya zile alama za nyundo. Kulungu dume akatoka kwenye misonobari, akasimama ubavu, akainua kichwa. Verna alivuta pumzi, akaitoa nusu, akabana kifyatulio.

Dume likaanguka palepale liliposimama.

Ukelele aliopiga Verna ulisikika kambini. Lamar alipanda mlima akihema, mkasi mfukoni tayari, akamkuta dada yake anacheka na kulia kwa pamoja. Akautupa mkasi kwenye theluji, akamkumbatia, akamwinua juu. Mshenzi yule, kumbe naye alikuwa akiomba dada yake asikose!

Jioni, soseji zikichemka, Lamar aliichukua bunduki. Akatoa dola, akaipitisha. Ikateleza mpaka mwisho.

"Nani kakutengenezea?"

"Mimi, na Merle, na friza."

Akaisogeza kwenye taa, akachungulia ule upenyo. Akaona vanishi mpya. Tabasamu lake likafifia taratibu.

"Dada. Ndani sikupaka?"

"Kula soseji zako."

"Dada."

Verna alishusha sahani. "Nje ulipaka vizuri sana, Lamar."

"Ukajua lini?"

"Oktoba."

"Ukaniacha nikucheke mwezi mzima na zaidi?"

"Uliponipa bunduki hiyo ulilia. Sikutaka kukuliza mara ya pili."

Lamar alipangusa pua kwa kiganja, akauchukua mezani ule mkasi aliokuwa ameuokota kwenye theluji, akauweka mkononi mwa dada yake. Akageuka, akachomoa shati lake kwenye suruali. Lilikuwa jipya, la sufi, zawadi ya mkewe.

"Kata," alisema. "Mitatu."

"Shati lina mkia mmoja, we mjinga!"

"Endelea kupanda."

Verna akakata, machozi yakimdondoka na watu wakishangilia, kipande juu ya kipande, mpaka shati likaishia chini ya kwapa na kitambi cha Lamar kikatoka chote hadharani. Mikia ya Verna ikashushwa. Ya Lamar ikapigiliwa kwenye misumari ileile, na kwenye kila mmoja aliandika jina lake mwenyewe.

Halafu, kwa kuwa mlango ulikuwa haufungi vizuri na upepo ulikuwa unampiga tumboni, alikwenda kwenye ndoano, akatoa ile aproni ya maua, akajifunga, akashika sufuria.

"Mayai mnataka ya aina gani?" aliuliza.