Ringi Nne za Fundi Kioo

"Nipe hizo ringi nne za gari lako zilizooza kwa kutu," mzee alimwambia mwanawe. "Nitazisugua na kuzipaka rangi hapahapa uani. Zikiwa na dosari, kesho napanda gari lako na sanduku langu, wala hutanisikia nikipumua. Zikiwa safi, uniache nife nyumbani kwangu."

"Baba, nani kataja kufa?"

"Wewe umetaja ghorofa ya tatu. Mimi naona ni kulekule."

Mwana alicheka, akakubali. Alikuwa amekuja kwa shughuli hiyohiyo ya kumchukua baba yake wakaishi pamoja kwake ghorofani, mbali na pale. Jiko liliwahi kuachwa likiwaka hadi sufuria ikatoboka. Tena mzee alikutwa sokoni akiuliza njia ya kwake, na aliowauliza ni watu ambao magari yao aliyapaka rangi kwa mikono yake. Nyumbani alikaa na binti yake wa mwisho, Kitinda, lakini Kitinda alikuwa mshonaji. Alitoka asubuhi kwenda dukani kwenye cherehani yake, akarudi jua limezama. Hakutaka baba yake aende. Alijua kwamba akitolewa kwenye ua ule, kitakachofika ghorofani ni koti lake tu.

Jumamosi nzima mzee alipiga kazi. Gari lilikaa juu ya matofali kama kuku anayeatamia. Magurudumu yalilazwa juu ya gunia, matairi yakavikwa magazeti. Mzee alichukua brashi ya waya, akaanza. Kutu ilimjaa kwenye kope na masharubu, akawa mwekundu kama aliyechimbuliwa ardhini. Alipiga msasa, akafuta kwa thina, akatanguliza rangi ya kijivu, kisha nyeusi. Mikono ile iliyomwaga chai kila asubuhi ilitulia, brashi ikateleza juu ya chuma bila kusita. Watu hawakumpachika jina la Fundi Kioo bure. Zamani waliotoka kwake walichana nywele kwenye milango ya magari yao.

"Huyu ndiye mgonjwa wako?" Kaka yake alimuuliza Kitinda, amejinyoosha kwenye kigoda. "Mbona mimi ndiye ninayeumwa mgongo kwa kumtazama tu?"

"Mgongo wako unauma tangu uzaliwe. Hata maji ulikuwa hubebi."

"Nyamazeni," mzee alisema bila kugeuka. "Mnanitilia vumbi la maneno kwenye rangi."

Walicheka wote watatu. Kitinda aliingia jikoni, akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Tangu mama yao azikwe hawakuwa wamecheka hivyo.

Jumapili, rangi ilipokauka, mzee alianza kufunga magurudumu mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Kitinda alipotoka na chai alikuta magurudumu matatu yamekwisha kufungwa, la nne limeegemea ukuta, na mzee amekwenda kunawa. Akainama kuitazama kazi. Aliuona uso wake ndani ya ringi, umepinda kidogo, unatabasamu. Kisha akayaona matundu ya nati, na ule uso ukaacha kutabasamu.

Kila tundu lina kiti chake, pale nati inapokalia chuma. Kiti hicho hakipakwi rangi. Kikipakwa rangi nene, nati hubana rangi badala ya chuma. Gari likienda, breki zikipata moto, rangi husagika, nati hulegea, na gurudumu hushika njia yake peke yake. Kitinda aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma. Baba yake aliwahi kumfukuza kazi mtu mwenye wajukuu kwa kosa hilo. Siku zote, kabla ya kufungua kopo la rangi, alijaza viti vile grisi ili rangi isishike.

Safari hii viti vyote vilikuwa vyeusi, vinang'aa.

Akisema, mzee ameondoka. Akinyamaza, kuna mke wa kaka yake na watoto wanaopanda gari lile kila siku. Alikimbilia kisu cha jikoni, akapiga magoti, akaanza kukwangua.

"Unafanya nini kwenye kazi yangu?"

Mzee alisimama nyuma yake, maji yanamchuruzika viwikoni. Akainama, akachungulia, na shingo ikamvimba.

"Nani kapaka humu?"

"Mimi, baba. Jana ulipopumzika. Nilitaka kukupunguzia kazi."

"Umekulia kwenye rangi! Mama yako alikunyonyesha huku ananikorogea rangi! Unataka kumuua kaka yako?"

Sauti ilimtoa Kaka ndani, mkate mkononi. Aliposikia kisa alitikisa kichwa, akacheka.

"Kitinda, rudi kwenye vitambaa vyako. Mzee, umeshinda, sina neno. Safisha hiyo moja uifunge, mimi nirudi kwa wanangu."

"Hizo tatu hazina shaka," mzee alisema, bado anahema. "Hizo nimepaka mwenyewe."

Kaka alikwisha kutoa ufunguo mfukoni.

"Hapana!" Kitinda alisema. "Zote nilipaka mimi. Zote nne."

Kicheko kilimfutika Kaka usoni taratibu.

"Zote? Na baba akafunga tatu bila kuona?"

Uongo wa Kitinda ulikuwa kama kitambaa kilichopungua. Akivuta huku, kule kunabaki wazi. Kaka aliokota spana, akalegeza nati moja ya gurudumu la mbele. Ilipotoka, rangi nyeusi ilikuwa imeganda kwenye meno yake kama chakula.

Mzee alimsogeza kando kwa bega. Aliingiza kidole ndani ya tundu, akakizungusha polepole. Akalegeza nati ya gurudumu la pili, akapapasa tena. Akarudi kwa lile la ukutani, akalitazama kwa muda mrefu, uso karibu ugusane na chuma.

"Si yeye," alisema.

"Baba, nimeshakwambia ni mimi."

"Wewe rangi yako hutiririka. Tangu utotoni. Ulipopaka mlango wa choo rangi ilitoa machozi mpaka chini." Alipitisha kidole tena kwenye ukingo wa tundu. "Hii haina tone. Haina hata alama ya brashi. Nani mwingine anayeweza kupaka hivi?"

Kitinda aliweka kisu chini.

"Sikumbuki," mzee alisema. "Grisi sikumbuki. Nakumbuka kusugua. Nakumbuka mlikuwa mnacheka."

Kaka alirudisha ufunguo mfukoni. Alitaka kumshika baba yake begani, mkono ukaishia hewani. Akageuka, akaingia ndani, na muda si muda wakasikia kabati la chumba cha mzee likifunguliwa.

"Niletee msasa," mzee alisema. "Ule mkavu. Na uifungue hiyo ya mbele."

Kitinda alifungua. Walikaa chini, miguu imetandazwa vumbini, gurudumu katikati yao, na mzee akaanza kukitoa kiti cha kwanza rangi. Mikono ilikuwa imerudi kutetemeka.

Kaka alichungulia dirishani. "Baba, lile sweta la kijivu liko wapi?"

Mzee aliendelea kusugua.

"Shika vizuri," alimwambia binti yake. "Linayumba."