Machipukizi kutoka Shamba la Sajini

Katika taasisi ya utafiti ya chuo kikuu kule Mbarara, Joanita ndiye aliyetumwa kwa wakulima. Wenzake walibaki maabara wakichunguza mnyauko uliokuwa ukiua migomba ya wilaya ya Isingiro. Yeye alipanda pikipiki akaenda kufundisha. Kata ua dume kwa kijiti chenye panda. Pitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Shina likiugua ling'oe, usilionee huruma.

Waliomsikiliza walipona. Kufikia mwaka 2008, malori ya matoke yalikuwa yamerudi sokoni Kaberebere.

Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kijiji cha Misiera, aliyemsikiliza kuliko wote alikuwa Baudouin, mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Hata jirani akimwazima panga, alilichoma kwanza ndipo akatoa shukrani.

Baba yake Joanita, sajini mstaafu aliyeitwa Nehemiya, alikuwa na shamba lake nje ya Kaberebere. Matoke ya shamba hilo ndiyo yaliyomsomesha binti yake. Joanita alipokwenda kumwona wakati wa Pasaka, aliona majani yamelegea upande wa bondeni. Akakata shina moja. Likatoa usaha wa manjano.

"Tata, ndio ugonjwa wenyewe. Upande huu wote ung'olewe."

"Ning'oe migomba iliyokupeleka chuo kikuu?"

"Ndiyo, Tata."

"Jeshini niliamrishwa na vijana wadogo, nikavumilia. Nyumbani kwangu siamrishwi na mtoto."

Joanita angeweza kumleta mkuu wake, mtu wa makamo ambaye baba yake angemheshimu. Angeweza kuwaonya majirani. Lakini aliona haya: watu wangesemaje, mtaalamu wa migomba ameshindwa kwao? Akarudi chumbani kwake, mtaa wa Ruti mjini Mbarara, na habari ile hakumwambia mtu.

Mvua zilipoanza, Baudouin alitaka kupanua shamba lake. Akaenda kwa Nehemiya kuomba machipukizi. Mzee hakuwa mchoyo.

"Chukua, rafiki," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi. "Hapa iko mingi."

Joanita hakujua lolote mpaka alipofika Misiera miezi mingi baadaye, akakuta migomba michanga ya Baudouin imekauka, na ile ya zamani imeanza kugeuka manjano.

"Haya machipukizi uliyatoa wapi?"

"Kwa papa yako, mwalimu. Nilisema, shamba ya papa ya mwalimu haiwezi kuwa na bugonjwa."

Joanita aliinama, akashika jani moja lililokauka.

"Nilijua," alisema. "Nilijua shamba lile linaumwa."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu Pasaka."

Marie, mke wa Baudouin, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni, akaacha kumenya. Baudouin alitazama shamba lake lote, kisha akamtazama Joanita.

"Ungetuambia tu," alisema. "Neno moja, mwalimu."

Waling'oa yote. Joanita aling'oa pamoja nao, na jioni hiyo akamweleza mkuu wake kila kitu. Nehemiya aliposikia, alishika panga mwenyewe akamaliza upande wa bondeni, halafu akapanda bodaboda hadi Misiera.

"Mimi ndiye nilikosa," alimwambia Baudouin. "Si huyu mtoto."

"Mulikosa bote mbili, mzee," Baudouin akajibu, akamletea kiti.

Ardhi ilipopumzika vya kutosha, taasisi ilileta miche safi kutoka maabara. Majirani waliipokea kwa furaha. Baudouin aliikataa kwa upole.

"Peleka kwa bengine. Mimi nitalima maharagi."

Hakuja tena mafunzoni. Marie alikuja, akaketi nyuma.

Miaka mitatu baadaye wageni walitoka chuo kikuu kuja kuona kazi ya taasisi. Migomba ya Misiera ilikuwa imesimama mizito, mikungu imeegemezwa kwa miti. Mgeni mmoja akaonyesha kipande cha maharage katikati ya ule ujani.

"Huyu hakufundishwa?"

"Alifundishwa, na alifanya yote tuliyomwambia," Joanita akasema. "Mimi ndiye niliyemficha ugonjwa, kwa sababu ulikuwa kwetu."

Baudouin, aliyekuwa akipalilia, aliinua kichwa, akawasalimia wageni kwa heshima, akaendelea na jembe lake.